Aliyekuja Tanuri Likiwaka

Reino Kangas alifariki mwezi wa nne, wakati barafu ya ziwa inapasuka na meli za kwanza za madini zinaingia bandarini Duluth. Mwezi wa kumi na moja akaanza kurudi nyumbani.

Ndivyo Verna, mkewe, alivyoamini, na hakumwambia mtu. Hakumwambia binti yake Marlys, aliyempigia simu kila Jumapili kutoka Arizona, wala wanawake wenzake wa kanisani. Alijua watakachosema. Wangemshika mkono na kumtazama kwa huruma, halafu Marlys angeanza tena hadithi yake ya kuuza nyumba ili mama ahamie huko jangwani kwenye jua.

Reino hakuja kwa vitisho. Alikuja jioni, jua likishajificha nyuma ya kilima na baridi ikianza kuminya kuta. Kule chumba cha chini tanuri la gesi lingewaka kwa kishindo kidogo, na baada ya muda pumzi ya joto ingepanda kwenye mabomba ya bati na kutokea matundu ya sakafuni. Verna aliketi kwenye kochi, miguu juu ya tundu, paka wake Misu mapajani. Kichwa kikaanza kuuma, polepole, kama kofia inayobana. Viungo vikalegea. Na hapo, kabla hajasinzia vizuri, alihisi kochi linazama upande wa pili, vile linavyozama mtu mzito anapokaa, na ikamjia harufu ya ile sabuni nyeusi ya lami ambayo Reino aliogea kila Jumamosi akitoka sauna, lile bafu lao la mvuke.

Hakugeuza shingo. Alijua akigeuka hatamkuta. Alibaki vilevile, macho nusu yamefumba, akimsimulia mambo ya siku: bei ya siagi, mjane mwenzake aliyeteleza mlangoni pa posta, Marlys na jangwa lake. Reino alikuwa akimsikiliza. Wakati mwingine alimwitikia kwa ile sauti yake ya kooni, "mm," na Verna angetabasamu machozi yakimtiririka. Asubuhi aliamka na kichefuchefu na kichwa cha kupasuka, akajiambia kwamba hiyo ni bei ya kulia sana. Ajabu ni kwamba akienda kanisani au dukani, kichwa kilipoa. Akirudi nyumbani, kikarudi naye. Hata hilo halikumsumbua. Kutwa nzima alikuwa akiingoja jioni, kama msichana anayengoja kuchumbiwa.

Tanuri lile lilikuwa mali ya Reino kwa kila hali. Miaka yote ya ndoa yao Verna hakuwahi kuligusa zaidi ya kuzungusha kile kidude cha ukutani cha kupandisha na kushusha joto. Kila mwezi wa tisa Reino aliteremka na brashi, tochi, mashine ya kufyonza vumbi na chujio jipya, akashinda huko chini, akapanda na masizi puani. "Bibi kizee mzima," angesema. "Atatuvusha tena." Mwaka huu mwezi wa tisa ulipita na hakuna aliyeteremka.

Na kulikuwa na lingine. Wakati wa kiangazi Verna alikusanya nguo za mumewe, akazitia kwenye maboksi ili azipeleke kanisani. Maboksi yakakaa sebuleni wiki baada ya wiki. Alishindwa kuyatoa nje ya mlango. Mwisho akayateremsha moja moja hadi kwenye kile kichumba cha tanuri, kwa sababu kulikuwa kukavu na nondo hawakufika, akayapanga kulizunguka tanuri mpaka karibu na dari. La mwisho lilikuwa na mabuti na vifaa vya kazi vya Reino, zito kama jiwe. Alilisukuma kwa bega hadi likakaa. Kitu cha bati kililia nyuma ya boksi, hakushughulika nacho. Akafunga mlango, na nyufa zake akaziziba kwa matambara ili baridi isipenye.

Hata king'ora cha gesi kilichokuwa ukumbini kilipoanza kulia kidogo kidogo kama kifaranga, kikidai betri, Verna alikitoa ukutani, akakinyamazisha, akakitupa kwenye droo ya vijiko.

Wakati wa msimu wa kuwinda, Tauno alikuja.

Tauno alikuwa mdogo wake Reino, kapera mkubwa wa mwili, aliyeendesha gari la kusukuma theluji barabarani mpaka akastaafu. Tangu siku ya maziko hakuwa ameingia ndani ya nyumba ile. Alikuwa akija, akikwangua theluji mlangoni, akipunga mkono dirishani, basi, anaondoka. Siku hiyo aligonga, akafungua mwenyewe.

"Shemeji! Uko hai humu?"

"Niko hai kukushinda wewe. Vua mabuti hayo, nimepiga deki."

"Nimekuletea paja la kulungu."

"Umempiga wewe, au umemnunulia mtu bia akupigie?"

"Nimempiga mimi. Alisimama kunicheka, ndiyo akachelewa kukimbia."

Verna akacheka, akaweka kahawa, akakata mkate wa iliki. Tauno akakaa jikoni, kofia magotini, akiepuka kutazama sebuleni. Walizungumza habari za kulungu na za barabara. Lakini macho ya Tauno yalikuwa yakizunguka. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka maji kana kwamba kuna sufuria kumi zinachemka. Mashavu ya shemeji yake yalikuwa mekundu kuliko kawaida, na maneno yake yalitoka mazito mazito, kama ya mtu aliyeamshwa. Nyama mbichi ilikuwa mezani, na paka amelala sakafuni, hata pua hakuinua.

"Huyu Misu anaumwa?"

"Amezeeka. Sote tumezeeka." Verna akaitazama saa, akainuka akishika ukingo wa meza. "Twende tukakae kule. Ila kaa kwenye kiti, usikae kwenye kochi upande wa dirishani."

"Kwa nini?"

Alisita. Siri ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na huyu alikuwa mtu wa damu ya Reino. "Pale anakaa kaka yako," akasema. "Anakuja muda huu. Subiri kidogo, utamwona. Yaani humwoni, unamjua tu."

Tauno hakucheka. Aliketi kwenye kiti alichoonyeshwa, mikono katikati ya magoti, akamtazama mwanamke huyu aliyekuwa akijipanga kwenye kochi kama anayempokea mgeni. Chini, tanuri likawaka. Haukuwa ule mlio alioujua. Ulikuwa mguno, halafu kishindo kilichochelewa. Joto likapanda, na ndani ya hilo joto kulikuwa na uzito fulani, hewa iliyokwisha kutumika. Tauno akagundua kwamba na yeye kichwa kinamgonga tangu alipomaliza kikombe cha kwanza.

"Verna. Kichwa kinakuuma?"

"Kila siku."

"Hata ukitoka nje?"

"Nikitoka kinaacha. Shh. Nyamaza kidogo, Tauno."

Tauno aliinuka, akateremka ngazi. Alipovuta mlango wa kichumba, matambara yakaanguka. Kwenye upenyo kati ya maboksi aliuona moto wa tanuri, na ulikuwa wa njano, mrefu, ukirukaruka na kulamba nje, na uso wa bati juu yake umepakwa masizi. Akainua macho. Bomba la kupeleka moshi kwenye dohani lilikuwa limechomoka kwenye kiungo chake, limesukumwa kando na boksi. Moshi wote uliopaswa kupanda dohani na kutokea juu ya paa ulikuwa ukimwagika humo humo. Hakugusa kitu. Kichwa kikimzunguka, akapanda ngazi kwa kujivuta kwenye kishikio chake.

"Vaa koti."

"Kaa chini, Tauno, ndiyo anakuja."

"Vaa koti, tunatoka. Sasa hivi. Hewa ya humu ni sumu." Alikuwa amekwisha kuusukuma wazi mlango wa mbele, na baridi ikaingia kama maji.

"Funga!" Verna akapiga ukelele ambao Tauno hakuwahi kuusikia kwake. "Funga mlango! Ukifungua ataondoka!"

Alikuwa ameshika mto wa kochi kwa mikono yote miwili. Tauno hakubishana naye. Alimtwaa paka kwa mkono mmoja, akamtia kifuani ndani ya koti, na kwa mkono mwingine akamzungushia shemeji yake kiunoni, akamtoa nje na ndara zake miguuni, huku Verna akimpiga ngumi begani njia nzima hadi kwenye gari.

Aliliendesha mpaka mwisho wa barabara, akasimama, akawapigia simu zimamoto. Halafu wakakaa wakingoja, injini ikinguruma, madirisha yamefunguliwa nusu. Misu alitapika juu ya suruali ya Tauno, kisha akainua kichwa na kulia kwa hasira, na hilo likawa jambo la kwanza la kufurahisha siku hiyo.

"Umemfukuza," Verna alisema. "Ningekaa naye hadi masika. Nilikuwa sina shida na mtu."

"Ungekufa kabla ya Krismasi."

"Nani alikuuliza?"

Tauno akafuta suruali kwa kitambaa, akiikunja na kuikunjua ile sehemu iliyochafuka. Alipozungumza tena alizungumza na usukani.

"Aliniulizia?"

Verna akageuka. Huyu mzee mwenye mikono kama koleo alikuwa amekaza taya, na ndevu zake zimelowa. Hapo ndipo alipofahamu kwa nini Tauno aliishia kupunga mkono dirishani. Reino alikuwa amemfundisha kuogelea, kuvuta sigara, kuendesha gari, na sasa hakuwa na mtu wa kumpigia simu gari likigoma.

Reino hakuwa amemtaja Tauno hata mara moja. Reino yule hakuwa ametaja lolote.

"Alikuulizia," Verna akasema. "Aliuliza kama bado unaliendesha hili bovu lako."

Tauno akatoa sauti iliyokuwa katikati ya kicheko na kitu kingine, akapiga dashibodi kwa kiganja. "Mpuuzi," akasema. "Mwambie bado linawaka." Na kwa muda mrefu hawakuweza kutazamana.

Zimamoto walikuja. Mwanamke mmoja mrefu, kofia ikimbana kichwa, aliingia na kipimo mkononi, na kipimo kikaanza kupiga kelele kabla hajafika jikoni. Walifunga koki ya gesi, wakafungua kila dirisha. Yule mwanamke alimjia Verna garini, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Gesi hii ya kaboni monoksidi haina harufu, mama. Inakulegeza tu unalala. Ulikuwa na king'ora?"

"Kiko kwenye droo," Verna akasema. "Na vijiko."

Hospitalini walimvalisha barakoa ya oksijeni. Daktari kijana akamweleza kwa upole kwamba sumu ile huzuia damu kubeba hewa, na ubongo ukikosa hewa huweza kusikia na kuhisi mambo yasiyokuwepo. Verna aliitikia kwa kichwa. Machozi yalijikusanya kwenye ukingo wa barakoa. Muuguzi alimpapasa mkono akamwambia asiogope, hatari imepita. Hakuwa anaogopa. Kila pumzi safi aliyoivuta ilikuwa inamwondolea mtu wake, na hakuweza kuacha kupumua.

Nyumba ilikaa baridi hadi fundi alipopatikana, na Verna akalala kwa Tauno, chumbani kwa Tauno, naye Tauno akilala kwenye kochi fupi huku miguu inaning'inia. Siku ya matengenezo walikwenda wote. Kwanza waliyapandisha maboksi. Tauno alijitolea kuyapeleka kanisani mwenyewe, Verna asione. Verna akakataa. Wakayapanga kwenye kile kilichokuwa chumba cha Marlys, juu ya kitanda, na mlango wakauacha wazi.

Fundi aliitwa Nadine, mama wa makamo aliyeongea huku ana bisibisi mdomoni. Alilifungua tanuri, akamulika ndani kutafuta nyufa, hakuziona. Akapiga brashi vinywa vya moto, akafyonza masizi, akalirudisha bomba la moshi mahali pake na kulikaza kwa skrubu kwenye kila kiungo. Verna alisimama nyuma yake muda wote.

"Nionyeshe hicho."

"Chujio? Hili lako limekuwa blanketi." Nadine akalichomoa, kijivu na zito kwa manyoya ya paka. "Weka jipya mwenyewe. Tazama mshale, unaelekea kwenye tanuri. Kipindi cha baridi lichungulie kila mwezi."

Verna akaliingiza. Akalisukuma hadi likakaa.

"Na hapa pabaki peupe," Nadine akaongeza. "Tanuri linavuta hewa kama wewe. Usiliwekee nguo, rangi, petroli, hata mti wa Krismasi. Kila mwaka kabla ya baridi mwite fundi alikague. Ving'ora nimekuwekea vipya kila ghorofa, na kimoja karibu na unapolala. Kikilia sana, hata kama unajisikia mzima, toka kwanza, maswali baadaye. Haya, mama, panda ukapandishe joto tuone linavyowaka."

Verna akapanda. Sebule ilikuwa baridi kama sanduku la barafu, na pumzi yake ikitoka moshi. Alisimama mbele ya kidude cha ukutani, kidole tayari.

Kutoka kwenye tundu la sakafuni ikaja sauti.

"Verna! Washa sasa!"

Mabomba ya bati yaliikwangua sauti ile, yakaikausha, yakaacha ule uzito wake wa chini na namna ya kuvuta jina lake mwishoni. Kila mwezi wa tisa, mwaka hadi mwaka, Reino alikuwa amemwita hivyo hivyo kutoka huko chini, na yeye akamjibu kwa kelele huku mawazo yake yakiwa kwenye sufuria. Alijua ni Tauno. Kichwa chake kilikuwa safi, hewa ilikuwa safi, alijua kabisa ni Tauno ameshika tochi karibu na Nadine. Akaondoa kidole. Akapiga magoti pale kwenye tundu, akainamisha sikio.

"Verna? Umesikia? Washa!"

Akasogeza sikio karibu zaidi na tundu.

"Verna, mpenzi, umelala huko?" Tauno aliita kwa utani, akimwigiza kaka yake bila kujua, au labda anajua.

Alimwacha aite tena. Kisha akainuka, akapandisha joto, na kule chini tanuri likaitika papo hapo, moto ukasambaa kwa mlio laini. Akaisikia sauti ya Nadine, ikisema, "Buluu. Safi kabisa." Ilimbidi Verna akae jikoni kitambo kabla ya kuwaita waje kunywa kahawa.

Majira ya baridi yakaja kweli. Ziwa likaganda, meli zikasimama, na asubuhi nyingine milango ya magari haikufunguka. Verna aliendelea kukaa kwenye kochi jioni, miguu juu ya tundu, akisimulia. Joto lilipanda, jepesi, likinuka vumbi kidogo tu. Kochi halikuzama. Ukimya wa upande ule ulikuwa wa kawaida, wa samani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi ya maziko. Siku ya maziko watu walikuwa wengi.

Jioni moja ya mwezi wa kwanza aliteremka kulichungulia chujio. Kichumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa. Kupitia kidirisha aliuona moto, safu ya ndimi ndogo za buluu zilizosimama wima. Juu yake bomba la moshi. Aliangalia skrubu. Zilikuwa fupi, za kawaida, na bisibisi ya Reino ilikuwa imebaki kwenye msumari karibu na ngazi. Mkono wake ukainuka kuelekea bisibisi. Hakuwa anataka kufa. Alitaka tu nusu saa, kochi lizame, harufu ya sabuni, halafu angeyafungua madirisha. Alisimama pale mkono umeinuka, na akamtafuta Reino kichwani mwake ili amwambie.

Aliyemjia ni yule wa kweli, mwenye masizi puani na kelele nyingi, aliyewahi kumgombeza kwa kusahau mshumaa juu ya meza na kununa juu yake siku mbili. Reino huyo angetupia jicho ule moto wa njano akauliza ni mwendawazimu gani amelifanya hili. Angevunja dirisha kwa kiwiko. Yule wa kwenye kochi alikuwa amekaa jioni zote zile, akamwona mkewe anakufa taratibu, akasema "mm."

Verna akaushusha mkono. Alilia hapo chini, kwa sauti, ameegemea ukuta, kwa kuwa sasa alikuwa amewapoteza wawili. Alipomaliza alifuta uso kwa aproni, akalitoa chujio, akaona limeanza kuchafuka, akaweka jipya, mshale ukielekea kwenye tanuri.

Kisha akapanda, akapiga simu.

"Tauno. Gari lako linawaka?"

"Kwa baridi hii? Nitalibembeleza. Kuna nini, shemeji? King'ora?"

"Hakuna king'ora. Njoo ule. Nataka unisimulie alivyokuwa kabla sijamjua. Anza na alivyokufundisha kuogelea."

"Alinitupa majini," Tauno akasema. "Hakuna hadithi. Alinishika shati akanitupa."

"Basi njoo uniambie hilo," Verna akasema. "Uniambie polepole."